Gari Jeupe la Baba Mkwe

Gari lilikuwa la kijani. Tuanze na hilo, kwa sababu baadaye kila mtu nyumbani kwa Tapera Muchemwa alikubali kuwa ni jeupe, na jirani akaunga mkono.

Jumamosi asubuhi Tapera alikuta kidimbwi chini ya injini. Akachuchumaa, akachovya kidole, akakuta maji ya rejeta, yenye dawa ya kijani na utelezi wake ule. Hakuhitaji fundi. Mpira unaoingia chini ya rejeta ulikuwa umekamatwa na klipu iliyoliwa na kutu, na tone lilikuwa linatoka hapo hapo, moja, kisha jingine, bila haraka. Akatembea hadi kwa wauza vipuri wa barabarani, akanunua klipu mpya kwa dola moja, akarudi na kipande cha boksi la kulalia. Ilikuwa kazi ya bisibisi moja. Mtu angeimaliza kabla chai yake haijapoa.

Lakini sebuleni alikuwa ameketi baba mkwe.

Mzee Jairosi aliletwa hapa mtaani Mkoba siku ya Ijumaa kutoka kijijini kwake Shurugwi kwa ajili ya macho. Madaktari wa macho hufika hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka, huwatoa wazee ukungu machoni bila malipo, kisha huondoka. Siku ya mzee ilikuwa Jumatatu. Mwaka juzi alikataa, akasema anaona. Mwaka jana alikataa, akasema ng'ombe wake anazaa. Mwaka huu Shorai, binti yake, mke wa Tapera, alimfuata kijijini, akamlilia, akamnunia, akamfungia nguo kwenye begi kabla hajajibu. Nesi alikuwa amemwambia kuwa jicho likisubiri sana huharibika lote.

Tangu alipofika, mzee alikuwa anatafuta sababu ya kurudi. Chai ikichelewa, alisema labda amewachosha watu. Mbwa wa jirani akibweka, alisema hata mbwa wanajua nani mgeni. Njia ya hospitali ilikuwa ya vumbi na basi la huko hufika likitaka, kwa hiyo tegemeo lilikuwa gari la Tapera. Gari likikwama, macho yamekwama. Mzee akinuna, macho yamekwama vile vile.

Na kwetu mkwe ni mtu wa kutumwa. Hali sahani moja na baba mkwe, hakai kwenye kiti cha juu kuliko chake, hamwiti kwa jina. Humwita kwa ukoo wake, na mzee huyu alikuwa wa ukoo wa Simba. Juu ya yote, mkwe hapingi. Baba mkwe akisema jua limechomozea magharibi, mkwe hupiga makofi ya heshima na kuuliza kama ahamishie kiti upande huo.

Tapera alikuwa hajaingiza kichwa vizuri chini ya gari aliposikia mti wa ufagio ukigonga sementi. Mzee hakutaka fimbo ya vipofu. Alisema ufagio anautembeza tu.

"Mkwe."

"Simba." Tapera akatoka chini, akapiga magoti, akapiga makofi na mikono yake ya grisi.

"Unafanya nini chini ya gari?"

"Linavuja kidogo, Simba. Ni klipu."

"Nimekuuliza ni nini? Nimeuliza unafanya nini."

"Nimelala, Simba."

"Amka. Niletee kiti."

Kiti kikaletwa. Mzee alikuwa ameendesha lori la idara ya barabara miaka mingi, tangu enzi ambazo Tapera alikuwa bado anafutwa pua, na jambo hilo hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Akanyoosha mkono, akapapasa boneti. Jua la asubuhi lilikuwa linaipiga sawasawa na kumrudishia mwanga usoni.

"Gari jeupe nalo kazi," akasema. "Ona vumbi lote hili. Mngenunua la rangi nyingine."

Tapera akalitazama gari lake, kijani kama chupa ya bia. Shorai, aliyekuwa mlangoni na sufuria, akalitazama naye. Kumwambia mzee kuwa gari si jeupe ni kumwambia kuwa haoni, na kumwambia kuwa haoni ni kumkatia tiketi ya basi.

"Linachafuka kweli, Simba," Tapera akasema.

"Jeupe lina tabu, babu," jirani, Mama Tindo, akadakia kutoka upande wa pili wa ua, akianika nguo. "Hata mashuka ni hivyo hivyo."

Basi, likawa jeupe.

Mzee akataka boneti ifunguliwe, kisha akaingiza mkono. Vidole vyake vilitembea juu ya injini polepole, kama vya mtu anayechagua viazi, vikashuka mbele ya rejeta, mahali Tapera alipokuwa amemwagia maji asafishe tope.

"Hapa. Pamelowa."

"Hapo, Simba..."

"Rejeta imetoboka."

Klipu ilikuwa mfukoni mwa Tapera. Aliigusa kama mtu anavyogusa hela ya kukopa. Akamtazama mkewe.

"Baba," Shorai akasema, "mwenye gari anasema ni klipu."

Mzee akageuza uso upande ambao sauti ilitoka. "Siku hizi mkwe ana msemaji? Nilimuoza binti au nilimuoza redio?"

"Nasema tu, baba."

"Sema. Kama ujuzi wangu hautakiwi hapa, basi la saa sita bado halijaondoka. Begi langu liko wapi?"

Shorai akaitazama sufuria yake. "Sijasema kitu, baba."

"Lete unga."

"Unga gani?"

"Wa mahindi. Wa kupikia. Barabara ya Mberengwa nilitobokewa rejeta, hakuna fundi, hakuna simu, hakuna mtu. Nikatia unga. Nikafika. Mkubwa wangu akanipa mkono."

Kama alipewa mkono kwa ajili ya unga au kwa kuaga, hakuna aliyeuliza. Unga ukaja kwenye bakuli. Tapera akafungua kifuniko cha rejeta, akachota kijiko, akajaribu ujanja wa mwisho aliokuwa nao: akaunyunyiza pembeni, ukashuka hadi kwenye boksi lililokuwa chini.

"Huo umeanguka chini," mzee akasema. Macho yalikuwa yamekwenda, masikio yalikuwa yamebaki kazini. "Mikono inakutetemeka? Nipe mwenyewe."

Akashika kijiko, akatafuta mdomo wa rejeta kwa kidole gumba, akatia. Akatia tena. Kisha akaona kijiko kinamchelewesha, akainamisha bakuli. Mama Tindo akaacha kuanika.

"Hicho ni kipimo cha watu wanne, babu," akasema.

"Rejeta ni kubwa, mama. Mkwe, washa."

Tapera akawasha. Injini ikanguruma, ikapata joto, na wote wakasubiri. Baada ya muda mzee akamwambia Tapera apitishe mkono chini. Tapera akapitisha. Pakavu. Unga ulikuwa umeiva ndani ya mpira na kuziba kila mahali, ufa wa kwenye klipu pamoja na njia ya maji yenyewe.

"Vipi?"

"Halivuji, Simba."

Na hilo lilikuwa kweli. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaegemea kiti, akaomba chai, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakulalamika kuwa imechelewa.

*

Jumapili alitaka kupelekwa kanisani kwa gari. Kanisa si mbali, watu huenda kwa miguu, lakini mzee alitaka watu wa Mkoba wasikie injini aliyoiponya. Akavaa koti, akavaa kofia, akakaa mbele. Shorai akakaa nyuma na Biblia. Tapera alitembeza gari kama mtu anayebeba mayai, jicho moja kwenye barabara na jingine kwenye mshale wa joto.

Mshale ulipanda kabla hawajafika kwenye maduka. Ukafika pembeni kabisa, ukakaa huko. Mvuke ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti, na pamoja na mvuke ikaja harufu ambayo hakuna dereva anayeitarajia barabarani: harufu ya uji ulioshika chini.

Tapera akazima injini. Gari likaserereka lenyewe hadi mbele ya kijana wa vocha, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli wake.

"Bosi," kijana akasema, "uji wako unafurika."

"Nini hicho?" mzee akauliza. "Mbona tumesimama?"

"Tunapumzika kidogo, Simba."

"Nani anapika?"

Waumini walikuwa wanapita, kina mama katika sare zao, wanaume wa kwaya katika suti zao za Jumapili. Wakasimama. Wakasalimia. Mmoja akanusa, akamtazama Tapera, akameza alichotaka kusema. Mwishowe wanaume wa kwaya wakavua makoti, wakawakabidhi wake zao, wakaanza kulisukuma gari kurudi lilikotoka. Shorai alishuka. Mzee hakushuka, maana nani angemwambia ashuke? Alikaa kitini, dirisha wazi, akimwinulia kofia kila mtu ambaye sauti yake aliisikia.

"Limepatwa na nini, mzee?" mwenye sauti ya besi akauliza, akihema.

"Hakuna kitu. Limechoka tu. Rejeta yake nimeitengeneza mwenyewe jana, haitoi hata tone." Kisha akageukia usukani. "Mkwe, kaza mkono. Hawa vijana hawasukumi pamoja."

Wanaume wa kwaya wakasukuma pamoja. Wimbo waliopaswa kuuongoza siku hiyo uliimbwa bila besi.

*

Mchana ule mume na mke walisimama nyuma ya nyumba wakinong'ona.

"Nifungue rejeta niisafishe," Tapera akasema. "Nikianza sasa, kesho tunaondoka."

"Fungua basi."

"Nifungue vipi? Nikiigusa nimesema dawa yake mbaya. Atachukua begi."

"Nimwambie mimi?"

"Wewe jana umeitwa redio."

Shorai akakubali kuwa aliitwa redio. Kisha wote wawili wakafikia mahali pamoja, maana kwetu neno zito kutoka kwa mkwe kwenda kwa baba mkwe lina njia moja tu. Tapera akatoa simu, akampigia mshenga wake, Elifasi Chanetsa, kinyozi, aliyempelekea mahari mwaka ule wa harusi.

"Nani amekufa?" Elifasi akauliza.

"Rejeta."

"Eleza."

Tapera akaeleza.

"Nilipeleka mahari yako," Elifasi akasema. "Nilipeleka habari mkeo alipopata mimba. Nilipeleka msamaha wako ulipolewa kwenye msiba. Sasa unataka nipeleke uji."

"Unakuja au huji?"

"Nakuja na koti."

Alikuja na koti, jua likiwaka. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mzee, akapiga makofi mpaka mzee alipoitikia. Akaweka sahani ya mti mbele yake, na dola moja juu yake.

"Hii ni ya kufungulia mdomo, Simba."

Mzee akaipapasa, akaisugua kati ya vidole. "Mdomo umefunguka. Masikio je?"

Elifasi akatoa ya pili kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na uso wake ulisema kuwa atamdai Tapera.

"Sasa nasikia."

"Ni kuhusu gari, Simba. Gari jeupe." Tapera alikuwa amemwonya. "Mkwe wako hasemi dawa yako ilikuwa mbaya. Angethubutu wapi? Anasema dawa ilikuwa kali. Ugonjwa ulikuwa mdogo, dawa ikawa kubwa. Imeponya mpaka ikapitiliza."

"Imepitiliza."

"Kwa hiyo anaomba ruhusa yako aipunguze."

Nyumba ya Tapera ni ya vyumba viwili na ukuta wake ni wa tofali moja. Yeye na Shorai, huku nyuma, walikuwa wanasikia kila neno. Wakasikia mzee akikohoa. Wakasikia kiti kikilia.

"Aipunguze," mzee akasema. "Afungue, amwage, afanye atakavyo. Gari lake. Lakini mwambie hivi: nimeelewa. Hata gari limenikataza nisiende huko. Kesho nachukua basi la kwetu. Macho haya nimeishi nayo, nitakufa nayo."

"Simba, ngoja kwanza..."

"Nimemaliza. Sahani yako ina nafasi ya dola nyingine?"

Haikuwa nayo. Elifasi akatoka, akavaa viatu, akazunguka nyumba, akawaeleza wote wawili upya yote waliyokwisha kusikia, nao wakashtuka upya, kama inavyotakiwa.

"Sasa unanidai nini?" Tapera akauliza.

"Ya masikio. Na chakula. Siwezi kurudi na njaa nikiwa nimevaa koti."

*

Tapera alifungua rejeta hata hivyo. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Akaitoa yote, akailaza kwenye nyasi, akaiinamisha, akaanza kuimiminia maji ya ndoo kutoka kisima cha Mama Tindo, maana mabomba ya Mkoba siku hiyo yalikuwa yanatoa hewa. Kwanza yalitoka maji mazito. Kisha yakatoka mabonge, manene, yenye rangi ya kijani hafifu, yakidondoka kwenye karai yakitoa mlio wa mate.

"Imeiva," Mama Tindo akasema juu ya ua. "Umekosa mboga tu, jirani."

"Nipe ndoo nyingine, mama."

"Nakupa. Lakini mwanaume kuosha sufuria, hilo nilisubiri sana kuliona."

Akatoa na themostati, mlango wa maji wa injini, nayo imejaa. Akasukuma maji kwenye mipira mpaka yakatoka meupe. Kazi hiyo ilimaliza mchana wote. Halafu akarudisha rejeta, akachukua klipu mfukoni, akaikaza kwa bisibisi. Klipu haikumchukua hata muda wa kupenga kamasi.

Shorai alikuwa amekuja kutazama mara mbili. Mara ya tatu alikuja na sahani. Akachota kwenye karai, akalainisha juu kwa mgongo wa kijiko kama anavyofanya siku zote, akaingia nayo ndani.

Mzee alikuwa mezani. Elifasi alikuwa sakafuni, kwenye mkeka, na sahani yake ya sadza, ugali wetu, na nyama, ya kweli, iliyopikwa jikoni. Taa ilikuwa imewashwa mapema kwa sababu ya mgeni. Tapera alifika mlangoni kuomba kitambaa, akasimama hapo hapo.

Shorai alimwagia baba yake maji ya kunawa, kwa magoti, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akaweka sahani mbele yake.

"Sadza, baba."

"Nyama?"

"Inakuja."

Mzee akakata bonge kwa vidole vitatu, akaliviringisha kiganjani kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, akalibonyeza katikati, akaliinua. Lilikuwa limefika kwenye ndevu Shorai alipomshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Usile, baba."

"Kwa nini?"

"Ni sumu. Imetoka kwenye rejeta. Ni ile uliyopika jana."

Elifasi akaacha kutafuna. Mzee hakuuvuta mkono wake. Aliendelea kulishika lile bonge, akalibonyeza tena, polepole, kisha akalisogeza puani.

"Haikuiva," akasema.

"Haikuiva. Na ungekula. Nimekuwekea mbele ya pua, taa inawaka, ni ya kijani, baba, na ulitaka kula."

"Mtoto ananilisha sumu."

"Nimekushika mkono. Kijijini nani atakushika?" Shorai hakupaza sauti. "Miaka mitatu nimenyamaza. Unamwagia chai mezani, tunasema meza ni mbovu. Unasalimia mlango, tunasema kulikuwa na mtu. Leo nasema. Baba, huoni."

Elifasi, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya aina hiyo yakiwa yamefungwa vizuri kwenye sahani ya mti, alitazama nyama yake kana kwamba imemwita kwa jina. Tapera hakupiga makofi. Hayakuwepo makofi ya jambo kama lile.

"Kile kisu chao," mzee akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Wanakiingiza jichoni mtu yuko macho?"

"Nitakuwa nje ya mlango."

"Sikuuliza utakuwa wapi. Nimeuliza kama mtu anakuwa macho."

"Ndiyo, baba. Anakuwa macho. Wanamtia ganzi kwanza."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, mara kadhaa. Ikaonekana wazi kwa kila mtu pale, hata kwa mshenga, kwamba hakukuwa na ng'ombe aliyezaa mwaka jana.

"Nioshe mkono," akasema. "Na uniletee chakula cha watu."

Shorai akamwosha, kila kidole, kwa sabuni. Alipomaliza mzee akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Elifasi, mwulize mkwe kama gari linatembea."

Tapera alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Elifasi akapiga makofi, akageuka, akamuuliza. Tapera akajibu. Elifasi akageuka tena.

"Linatembea, Simba."

*

Waliondoka Jumatatu alfajiri na madumu mawili ya maji nyuma, na hawakuyatumia. Mshale ulikaa chini njia nzima. Walipofika, mzee alipoitwa jina alimwachia Shorai kofia yake, akaenda na nesi bila ufagio.

Jumanne asubuhi walimfungua bandeji. Shorai alikuwa ameketi mbele yake kwenye benchi. Mzee alimtazama muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Asante, baba."

"Sikulaumu. Nimesema tu ninachoona."

Akatoka nje akitembea peke yake, akiinua miguu juu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayevuka kijito. Alisoma kibao cha maabara. Alisoma kibao cha choo. Akamsoma kwa sauti kuku aliyepita, rangi zake zote. Uwanjani Tapera alikuwa amepiga magoti kando ya gari, akipiga makofi.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ni mimi, Simba."

"Nilikukumbuka mrefu." Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Gari liko wapi?"

"Ndilo hili, Simba."

"Letu ni jeupe."

"Ndiyo, Sim..." Mdomo wa Tapera ulikuwa umeshaondoka wenyewe, akauzuia njiani. Shorai alikuwa anatazama viatu vyake. Hakukuwa na mshenga. Elifasi alikuwa Mkoba, ananyoa watu.

"La kijani," Tapera akasema. "Ni la kijani, Simba. Lilikuwa hivi tangu nilipolinunua."

Mzee akalizunguka gari lote, polepole, akiligusa hapa na pale, safari hii kwa macho kwanza kisha mkono. Akainama, akachungulia chini. Pakavu. Akaagiza boneti ifunguliwe. Kule chini, katikati ya vyuma vyote vyeusi na vya kutu, kitu kimoja tu kilikuwa kinang'aa.

"Hiyo klipu umeinunua lini?"

"Jumamosi, Simba."

"Kabla ya unga?"

"Kabla ya unga."

"Ilikuwa wapi nilipokuwa natia unga?"

"Mfukoni, Simba."

Mzee akaitazama klipu. Akamtazama mkwe wake, magoti vumbini, mikono bado imekutana kwa ajili ya makofi. Akafunga boneti mwenyewe.

"Ungenipinga, ningekutoza kuku," akasema. "Umenikubalia, kwa hiyo ni mbuzi." Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaivaa kofia yake. "Na Elifasi asije. Mlete mwenyewe, useme mwenyewe ni wa nini."